Kinanda Kikinyamaza, Nani Ataimba?

Hoja iliyo mezani ni fupi. Kuanzia Jumatano ya Majivu, Misa ya kwanza ya Dominika iimbwe kwa sauti za watu peke yake. Kinanda kizimwe, gitaa la besi libaki nyumbani, na zile spika mbili ndefu za pembeni mwa altare zisiwashwe. Nyimbo ziwe chache na nyepesi, kiasi kwamba mgeni aliyeshuka leo kutoka Bubanza awe amezidaka kabla ya komunyo.

Parokia siitaji. Ichukuliwe kuwa moja ya zile za mitaa ya Bujumbura, ambako Kirundi, Kiswahili na Kifaransa hupokezana hata ndani ya tangazo moja la ndoa. Wasemaji nimewapanga mimi, sikunakili kikao cha mtu. Lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la parokia mjini hapa, akingoja habari za choo na ukuta ziishe ndipo zifike za kwaya, atamtambua kila mmoja wao. Yupo katekista mzee, yupo kijana anayepiga kinanda, yupo mama anayeimba sauti ya pili tangu usichana wake, yupo padri paroko pamoja na mhasibu wake. Yupo pia jirani wa mtaa wa Buyenzi asiye na kura, aliyekuja kwa shughuli nyingine akakuta mlango wazi.

KATEKISTA. Mimi kila Dominika nasimama nyuma, kwa hiyo naona migongo. Naona mamia ya watu wakiwatazama watu arobaini wenye sare wakimwimbia Mungu kwa niaba yao. Wimbo ukiisha, makofi. Tangu lini "Mtakatifu" ikapigiwa makofi? Zamani mtu mmoja alianzisha na kanisa zima likapokea mpaka mlangoni. Siku hizi kwaya inaleta wimbo mpya kila wiki, umeingia kwa simu kutoka Dar es Salaam, una beti na vibwagizo visivyohesabika, na kabla sijaushika wameshauacha.

MPIGA KINANDA. Mzee, kwa heshima yako yote, mimi sijamfunga mtu mdomo. Hiyo zamani unayoisifu, mama zetu wanaisimulia vingine. Wimbo ulianzishwa juu mno, ukateremka kidogo kidogo, na kufika ubeti wa nne wanaume walikuwa wananguruma tu. Kinanda kinaishika sauti mahali pake. Halafu kuna vijana. Kutoka hapa hadi barabara ya lami makanisa ya walokole yamejaa, na kila moja lina seti ya ngoma na magitaa. Rafiki zangu wawili walioimba sauti ya tatu humu sasa wako huko. Wakiniuliza kwa nini nimebaki, nawaambia nimebaki kwa sababu nilipewa kinanda. Mkikizima nitawaambia nini?

Hapa naingilia, maana wazee huipita hoja hii mbiombio. Kwa mtoto wa Kinama au Musaga ambaye nyumbani hakuna ada ya mwalimu wa muziki, kanisa ndilo shule. Anajifunza kwenye Yamaha iliyonunuliwa kwa michango ya waumini, mwaka wa pili anaanza kuitwa harusini Jumamosi, na faranga anazorudi nazo zinanunua mchele. Anayesema kinanda kizimwe amegusa sahani ya mtu, na ni vizuri aseme huku akijua hivyo.

MAMA. Mwanangu, umeme ukikatika katikati ya Utukufu, huwa unafanya nini?

MPIGA KINANDA. Tunawasha jenereta.

MAMA. Kwa mafuta gani?

Wote walicheka, na kijana naye akacheka. Tangu 2021 foleni za petroli zimekuwa sehemu ya maisha ya Burundi, na hakuna mhasibu wa parokia anayekubali kuchoma lita moja kwa ajili ya wimbo wa kutoa sadaka.

MAMA. Basi nikueleze ninachokiona mimi nikiwa katikati ya kwaya. Umeme ukienda, sisi wenye sare ndio tunaositasita. Kiongozi anakutazama wewe, wewe unatazama waya. Kumbe kule kwenye mabenchi mama mmoja hajajua hata kama kuna shida. Anaendelea, wa jirani yake anampokea, na dakika hiyo kanisa lote linaimba. Kisha umeme unarudi, nawe unaingia na noti yako ambayo si yetu, na wote tunanyamaza kukupisha.

PADRI. Mimi naomba tusiseme kana kwamba Roma imeamua. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika konstitusio yake ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 116, unaupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza. Namba 119 inataka muziki wa asili wa watu wetu uheshimiwe na upewe mahali pake. Namba 120 inasifu kinanda cha mabomba na kuruhusu vyombo vingine vinavyofaa. Kila upande humu ndani una namba ya kushika. Ila kuhusu Kwaresima sheria ni bayana. Mwongozo wa Misale ya Kirumi, namba 313, unasema vyombo vipigwe kwa kusaidia uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Zile dakika tatu za midundo unazotupigia wakati wa kukusanya sadaka, kijana wangu, wakati wa Kwaresima hazina ruhusa.

MPIGA KINANDA. Hilo nimelisikia. Lakini Padri, umeanzia 1963. Mbona hukuanzia 1903?

Swali hilo lilikuwa na meno. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pius wa Kumi alitoa waraka wake wa muziki mtakatifu. Namba 19 inapiga marufuku piano kanisani, na katika sentensi hiyo hiyo inapiga marufuku ngoma, matoazi na kengele. Kinanda cha kijana huyu na ngoma ya babu yake vilifungiwa nje pamoja.

MPIGA KINANDA. Wamisionari wa Mapadri Weupe walikuwa Muyaga tangu 1898 na Mugera tangu 1899. Waraka ukafika, wangefanya nini? Babu zetu wakaacha ngoma mlangoni. Miaka sitini baadaye wajukuu wakaambiwa irudisheni, ni utamaduni wenu. Mimi nimejifunza kinanda, sasa naambiwa kinatuzuia kusali. Kila kizazi kinanyang'anywa kilicho mkononi, na kila mara sababu ni utakatifu. Safari hii naomba sababu nyingine.

Naona ana haki. Anayetaka sauti tupu kwa sababu chombo ni najisi, au kwa sababu cha kale ni bora, ameshapoteza mjadala huu mbele ya historia ya Burundi yenyewe. Nitamwongezea kijana ushahidi ambao hakuuleta. Watawa wa Solesmes, Ufaransa, ndio waliofanya kazi kubwa ya kuufufua wimbo wa Kigregori. Walipofungua monasteri Keur Moussa, Senegali, miaka ya 1960, waliiingiza kora yenye nyuzi ishirini na moja katika sala zao, na hakuna aliyesema wameusaliti wimbo. Kama mabingwa wa sauti tupu waliweza, kulitetea pendekezo letu kunahitaji kitu kizito kuliko kuchukia spika.

Kitu hicho kimo katika karatasi ya Roma iliyosomwa kidogo kuliko zote. Tarehe 5 Machi 1967 ulitoka mwongozo uitwao Musicam Sacram. Unagawa sehemu za kuimbwa katika ngazi tatu. Ya kwanza ni maneno ambayo padri na watu wanajibizana: salamu ya mwanzo, sala, mashangilio ya Injili, mazungumzo ya utangulizi wa Sala ya Ekaristi, "Mtakatifu", Baba Yetu, salamu ya amani. Ya pili ni Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mwanakondoo na maombi ya waumini. Ya tatu ni nyimbo za maandamano, kuingia na komunyo, pamoja na za matoleo. Kisha unaweka sharti: ngazi ya kwanza yaweza kuimbwa peke yake, lakini ya pili na ya tatu zisiimbwe kamwe bila ya kwanza.

Sisi tumepanda ngazi hiyo kichwa chini. Wimbo wa kuingia una utangulizi wa ala, sauti nne na kucheza hadi altareni. Wa matoleo ndio mrefu kuliko wote. Wa shukrani unarudiwa mara mbili. Lakini padri akisema "Bwana awe nanyi", tunamjibu kwa sauti ya mtu anayejibu hodi. Tumeyapamba yale yaliyo pembeni na kuyaacha makavu maneno ambayo ni ya watu wote. Mwongozo huo huo, namba 16, unakemea desturi ya kuiachia kwaya uimbaji wote huku watu wakiwa hawana sehemu. Kwa hiyo mimi naunga mkono hoja, na sababu yangu si kinanda. Mazungumzo ya Misa hayahitaji chombo, na mtu asiyejua kusoma wala asiye na sare anaweza kuyashika yote kwa Kwaresima moja.

KATEKISTA. Ndicho nilichosema.

MPIGA KINANDA. Hapana, Mzee. Wewe ulisema kwaya inyamaze.

PADRI. Tukiimba kwa sauti tupu, tutaimba nini? Sitaki watu waseme tumerudisha Kilatini.

MAMA. Padri, kwani kuimba bila chombo tumeletewa na Roma? Bibi yangu hakuwahi kushika hata njuga. Shoga yake akija kutoka kilima kingine walikuwa wakishikana na kuimbiana akazehe. Mmoja anabeba maneno, anauliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua. Mwenzake anadakia kwa sauti fupi fupi zinazoingia katikati ya za yule, mpaka husikii nani ameacha na nani ameshika. Na imvyino za harusini, si mtu mmoja anaanzisha na wengine wanapokea kwa makofi? Hakuna aliyeuliza noti iko wapi.

Akazehe ni salamu ya wanawake wa Burundi, na wataalamu wa muziki wameiandika na kuirekodi. Inastaajabisha kwamba tunapotafuta umbo la wimbo wa kujibizana tunaangalia kila mahali isipokuwa kwa akina mama hao, wakati Misa nayo inafunguliwa kwa kusalimiana. Sisemi akazehe ihamishiwe altareni jinsi ilivyo; ni salamu ya watu wawili, na watu mia tano wakiijaribu itakuwa fujo. Lakini mbinu iko pale: kishiko kifupi, pokezi fupi zaidi, na pokezi kuingia kabla kishiko hakijafa.

Waprotestanti wa nchi hii walilijua hilo mapema. Uamsho wa Afrika Mashariki ulipotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka kuja Matana na Buhiga, haukubebwa na vinanda. Ulibebwa na pambio la Kiganda, Tukutendereza, ambalo watu waliimbiana kama salamu njiani na majumbani bila hata kulitafsiri. Waorthodoksi, ambao wafanyabiashara wa Kigiriki waliwaachia kanisa mjini hapa, liturujia yao kwa mapokeo ni sauti tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Wakati huohuo Marafiki, yaani Wakweka, waliofika Kibimba mwaka 1934 kutoka Kansas na ambao asili yao Uingereza ni ibada ya kukaa kimya, leo wana kwaya nchini Burundi kama kila mtu. Kila dhehebu hapa limekopa kwa mwenzake.

Jirani wa Buyenzi alikuwa amekuja kuuliza juu ya mti unaoegemea uzio wake. Akaombwa asubiri, akasikia, na akashindwa kunyamaza.

JIRANI. Mnisamehe, mimi si wa humu. Kwetu msikitini Kurani haisomwi kwa chombo chochote, na wala hatusemi kwamba tunaiimba. Dufu lina mahali pake, kwenye kaswida na maulidi, na halivuki hapo. Ila nyinyi mnazungumza kana kwamba sauti tupu ni njia ya mkato. Mwanangu yuko madrasa anajifunza tajwidi: wapi avute, wapi akate, herufi ianzie wapi kooni. Ni kazi ya miaka. Mkiondoa vyombo bila kufundisha watu, mtapata kelele za watu mahali pa kelele za spika. Mimi ndiye jirani yenu, nitazisikia zote mbili.

Laiti angekuwa na kura. Wapendekezaji wengi wa urahisi wanaufananisha na kutojiandaa. Wimbo wa noti tano tu, unaoimbwa na watu wasio na kwaya ya kuwaficha, unadai mwanzishaji anayejua aanzie wapi. Akianza juu, wanaume wataacha; akianza chini sana, hautanyanyuka. Unadai pia sauti iliyokatwa kufuata lugha. Kirundi ni lugha ya toni, na tenzi nyingi za Ulaya tulizorithi hupandisha silabi ambayo mzungumzaji anaishusha. Kiswahili hakina toni, lakini mkazo wake hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na sote tumeimba tenzi zinazoutupa mkazo huo kwenye silabi ya mwisho bila kuona haya. Zaburi inayosomwa kwa noti moja na kushuka mwishoni mwa mstari haina tatizo hilo, kwa sababu inamfuata msemaji.

KATEKISTA. Na ngoma?

PADRI. Hoja inasema sauti tupu, Mzee.

KATEKISTA. Basi mimi napunguza furaha yangu. Kinanda kiende, ngoma ibaki.

MAMA. Ibaki kwa nani? Ngoma ya kifalme iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, tukashangilia. Oktoba 2017 ikatoka amri ya rais kwamba wanawake wasiipige, na kwamba maonyesho nje ya sherehe rasmi yaombewe kibali. Najua ngoma yetu ndogo ya kwaya si ile. Lakini wavulana wameshajifunza la kusema: "Mama, ngoma ni ya wanaume." Kinanda hamjawahi kumfundisha binti hata mmoja. Kiongozi wa kwaya ni mwanamume tangu nilipojiunga. Mimi sipigi kura kwa sababu ya Papa wala kwa sababu ya petroli. Napiga kura kwa sababu wimbo ukianzishwa kwa mdomo, sioni atakayenizuia kuuanzisha.

Katekista alijikuna kidevu. Nadhani hakuwa amelifikiria hilo alipoileta hoja yake, na kama angelifikiria huenda asingeileta.

MPIGA KINANDA. Nina swali la utekelezaji. Kwaresima inaangukia mvua. Mvua ya Machi ikipiga bati hili, hata spika zangu hazisikiki. Ninyi mtasikika kwa lipi?

PADRI. Mvua ikizidi tutasema tu, bila kuimba. Hata sasa mahubiri husimama.

MPIGA KINANDA. Na nani atawafundisha watu hizo sauti? Katekista hasomi noti. Kiongozi wa kwaya anashika kwa sikio.

Wote walimgeukia yeye. Ndiye pekee katika chumba kile anayeweza kusikia kwamba kanisa limeshuka nusu noti, na ndiye pekee anayeweza kumwambia mama yule aanze wapi. Dakika kumi kabla ya Misa zinamtosha kufundisha pokezi moja, akiwa amesimama mbele ya watu, mkono ukipanda na kushuka.

MPIGA KINANDA. Kwa posho ileile?

Mhasibu alisema hilo litazamwe kikao kijacho. Kijana akasema litazamwe sasa, la sivyo Jumatano ya Majivu atakuwa na harusi. Padri alimkumbusha kwamba Jumatano ya Majivu hakuna harusi, na hata hivyo akakubali posho isipungue.

Yaliyoandikwa ni haya. Misa ya kwanza tu, Kwaresima tu, bila kinanda na bila ngoma. Majibizano yote ya padri na watu yaimbwe, pamoja na Utuhurumie, "Mtakatifu" na Mwanakondoo. Baba Yetu iongezwe wiki ya tatu. Wimbo wa kuingia mmoja kwa Dominika zote za Kwaresima, ingawa wanakwaya walilalamika kwamba watu watauchoka. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu bora ya uamuzi: wimbo ambao watu wameuchoka ni wimbo wanaoujua. Waanzishaji wawe wawili wakipokezana, mama na katekista. Jirani akaahidiwa mti utakatwa.

Kijana alidai nyongeza moja na akataka iandikwe kwa wino: kwenye Utukufu wa Mkesha wa Pasaka kinanda kiwe mahali pake, na achague yeye sauti. Padri akaandika. Misa ya pili itaendelea kama ilivyokuwa, na hiyo haikuletewa hoja.